Mnara wa Simu si Ahadi ya Mwakilishi Wadi

Wadau, kila kampeni Eastlands lazima mtu aahidi mnara wa simu. Lakini mwakilishi wadi hajengi minara. Kampuni za simu ndizo hujenga; Mamlaka ya Mawasiliano huzipa leseni na kupima ubora wa huduma.

Kwetu Umoja, ploti za ghorofa zimebanana na kuta za mawe huzuia mawimbi. Mama huweka simu dirishani ndio ishike netiwoki. Akiugua usiku akiwa kitandani, atapigaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa. Kwa hivyo lalamika kwa kampuni kwanza. Wakikuzungusha, nenda kwa Mamlaka. Na mgombea akiahidi mnara, muulize: barua ataandikia nani?