Cheti cha Mgonjwa Kisipotee Njiani

(Maneno ya mfanyakazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Industrial Area, Nairobi)



Mimi si daktari, bali nimeugua. Nilikohoa majuma mengi, nikaenda zahanati moja hapa Eastlands. Nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa makohozi, nikapewa barua ya hospitali kubwa. Kule barua ikapokelewa dirisha la kwanza. Dirisha la pili haikuonekana. Nikapimwa upya, nikalipa upya, nikakosa kazi siku tatu. Daktari akaniuliza, "Ulipewa dawa gani?" Nikamjibu, "Vidonge vyeupe." Ndugu zangu, vidonge vyeupe ni vingi kama kokoto za reli!

Sisi watu wa reli twajua kwamba behewa la mzigo husafiri pamoja na karatasi zake. Je, mtu si zaidi ya gunia la saruji? Tazameni akina mama: kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto huenda nao kutoka zahanati ya mtaa mpaka Pumwani, na mkunga akikifungua ajua habari zote.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali, ili habari za mgonjwa zitoke zahanati zifike hospitali kwa kompyuta. Jambo hili ni jema. Lakini najua mwenzangu mmoja anasema moyoni, "Afadhali karatasi zipotee kuliko tajiri azisome, anifukuze kwa kifua changu." Hofu hiyo si ya kipumbavu. Basi sikilizeni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema habari za afya zishughulikiwe na mganga, au mtu aliyefungwa kutunza siri. Tena yakupa wewe haki ya kuziona habari zako, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Dereva haingii njia bila ruhusa ya stesheni. Na tajiri asiingie katika ugonjwa wako bila ruhusa yako.

Tena kumbukeni mashine za hapa. Mtu akikatwa kidole, Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yampa haki ya kulipwa. Lakini kama maandishi ya daktari wa siku ile hayapo, atashindania nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, usitoke kwa daktari bila nakala. Andika jina la dawa na tarehe. Pili, usitie sahihi karatasi ya kufungua habari zako kabla hujaisoma. Usipoielewa, mletee katibu wa tawi. Tatu, chama kidai katika mapatano yetu na matajiri kwamba cheti cha kazini kiseme siku za kupumzika tu, kisitaje ugonjwa.

Habari zetu ziende kwa daktari upesi, na zikomee hapo.

Umoja ni nguvu.