Jirani Zetu Watokao Nijeria

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema baada ya Mweka Hazina kwisha kusoma hesabu zake. Hesabu zimeeleza fedha zilizoingia na zilizotoka. Sisi tumekuja kueleza jambo ambalo halimo katika hesabu hizo, kwa kuwa hatukulitolea hata senti moja. Na kwa sababu hiyo hiyo tumeona yafaa liandikwe katika taarifa ya mwaka huu. Jambo lenyewe ni maisha ya jirani zetu watokao Nijeria, na yale yaliyompata mmoja wao tulipokuwa tukitazama.

Watu hawa twakutana nao kila siku. Wako mjini kati, wakiuza nguo na vifaa vya simu katika vyumba vidogo vya maghorofa. Wako Hurlingham, Kilimani, Kileleshwa na Lavington, wengine wakifanya kazi katika mashirika na mabenki. Maana benki za kwao nazo zimefungua milango hapa, UBA mwaka 2009, GTBank mwaka 2013, na Access Bank mwaka 2020. Tena wako wengine wasio na cheo wala gari, mafundi, wanafunzi na wachuuzi, ambao wamepanga vyumba karibu yetu Kawangware na Dagoretti. Hawa wa mwisho ndio hasa tutakaowasema.

Wazee wetu wajua ya kuwa Mnijeria si mtu aliyeanza kujulikana jana katika nchi zetu. Mwaka 1941 askari wa brigedi ya Nijeria walitoka Kenya wakapigana hadi Mogadishu na Harar, bega kwa bega na askari wetu wa KAR. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika, kikosi cha Nijeria kilikwenda huko kulinda nchi wakati jeshi jipya lilipokuwa likiundwa. Na sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikijua kitabu cha Chinua Achebe kilichofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mtakumbuka kwamba Okonkwo alipofukuzwa kwao kwa miaka saba, alikimbilia ujombani. Nao wajomba hawakumpa pole tupu, bali walimpa kiwanja cha kujenga, shamba, na mbegu za viazi vikuu. Twaomba mlishike neno hilo la mbegu, kwani tutalirudia.

Basi na tutazame shida zao. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Mnijeria hapa Nairobi ni karatasi. Ndugu zetu wa Uganda na Tanzania wana mapatano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na Mnijeria naye akiwa kwao Afrika Magharibi ana mapatano ya mwaka 1979 yanayomruhusu kuvuka mipaka ya jumuiya yao bila viza. Lakini huku kwetu mapatano hayo hayamfai kitu. Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, hana ruhusa ya kufanya kazi wala biashara bila kibali. Na akikaa zaidi ya siku 90 sharti aandikishwe na kupata kitambulisho cha mgeni. Atakaye kufungua biashara kwa kibali cha daraja la G lazima aonyeshe rasilimali ya dola 100,000 za Marekani. Fikirini, wazee, ni nani katika sisi tulioketi humu aliyeanza biashara na fedha kama hizo? Mchuuzi wa nguo hawezi. Kwa hiyo wengine hukaa na karatasi zilizokwisha muda, wakiogopa kila hodi mlangoni.

Hofu hiyo ni soko zuri kwa matapeli. Wako watu wanaorandaranda karibu na Nyayo House, wakidai kwamba wana ndugu yao ndani na kwamba kibali kitatoka Ijumaa. Mgeni hutoa akiba yake yote, kisha hupewa karatasi isiyo na maana, au hapewi kitu. Naye hawezi kwenda polisi kushtaki, kwa kuwa atakapofungua kinywa ataulizwa kwanza, 'Je, kibali chako kiko wapi?'

Shida ya pili ni nyumba. Mgeni ni kuku mweupe, hajifichi katika kundi. Akinena tu maneno mawili, mwenye nyumba humjua, na kodi hupanda. Wengine huombwa amana ya miezi mitatu pale ambapo sisi tungeombwa ya mwezi mmoja. Wengine huambiwa chumba kimekwisha kupangwa, hali tangazo lingali langoni. Sababu tunazozisikia ni mbili. Ya kwanza ni sinema za kwao, ambazo zimeonyeshwa majumbani mwetu na katika mabasi ya safari za mbali kwa miaka zaidi ya 20, hata baadhi yetu hudhani kila nyumba ya Mnijeria ina mganga chumba cha nyuma. Ya pili ni nzito zaidi, nayo hatutaificha: wako Wanijeria waliokamatwa katika nchi hii kwa dawa za kulevya na kwa udanganyifu wa fedha. Hao na wahukumiwe. Lakini tukisema samaki mmoja akioza wote wameoza, tukumbuke kwamba watu si samaki. Wakenya nao hufungwa katika nchi za watu, wala hatungependa kijana wetu mwema anyimwe chumba huko kwa ajili yao.

Hayo ndiyo mazito. Yako na mepesi, ambayo hata wao wenyewe huyacheka. Saa zetu huwasumbua sana. Fundi mmoja alialikwa harusini saa nane, akafika asubuhi na mapema amevaa joho lake la kitambaa kizuri, akakuta watu wangali wakiosha masufuria. Ugali wetu huusifu kuwa ni ndugu wa vyakula vyao vya kusonga, ila hushangaa kwamba twaula na mchuzi mwepesi namna ile. Viazi vikuu, mawese na gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachushwa na kukaangwa, huvitafuta kwa bei kubwa. Kiswahili nacho huwapa shida, hasa watoto, kwa kuwa ni somo shuleni na mzazi hawezi kusaidia kazi ya nyumbani. Lakini Wahausa miongoni mwao hufurahi wasikiapo 'habari', 'dunia' na 'Alhamisi', maana wao husema 'labari', 'duniya' na 'Alhamis'. Na Wayoruba hutufundisha sisi adabu. Kijana wao akimwona mzee huinama hadi chini, jambo ambalo vijana wetu wa Kawangware wamelisahau.

Shida ya fedha nayo yahitaji kuelezwa kwa hesabu. Hadi mwanzo wa Juni 2023 dola moja ilikuwa karibu naira 460 kwa bei ya serikali. Katikati ya mwezi huo Benki Kuu ya Nijeria iliacha bei ifuate soko, na kabla ya mwaka kwisha kupita, mwanzoni mwa 2024, dola moja ilivuka naira 1,500. Mzazi aliyekuwa akimtumia mwanawe karo ya dola 1,000 kwa naira 460,000 alitakiwa sasa kutoa naira milioni moja na nusu, na mshahara wake haukuongezeka mara tatu. Wanafunzi waliokuwa wakiishi Kilimani walihamia Kawangware, na wengine wakaacha masomo. Kwa wale wenye kazi hapa mambo yaligeuka kwa namna nyingine: shilingi zao zikawa na nguvu kwao, na ndugu ambao hawakuwahi kuomba wakaanza kuomba. Jioni saa mbili ya Nairobi, ambapo kwao ni saa kumi na mbili, simu hulia katika vyumba vile, na kila simu huja na haja yake.

Sasa tufike pale tunapoona aibu kupasema.

Katika mwaka huu wa taarifa, alikufa kwa homa fundi cherehani mmoja Mnijeria aliyeishi nasi kwa miaka sita. Wengi wenu mmevaa nguo alizoshona. Hakuwa na mke hapa wala ndugu. Vijana wenzake wa kwao, watano au sita, walichanga walichokuwa nacho, lakini deni la hospitali lilikuwa kubwa na gharama za chumba cha maiti ziliongezeka kila siku. Kumpeleka kwao kulihitaji kibali, cheti cha dawa ya kuhifadhi maiti, barua ya ubalozi, jeneza la kuzibwa, na nauli ya ndege. Wakaja kwetu kuomba msaada.

Halmashauri iliketi. Kanuni yetu ya saba yasema msaada wa mazishi hutolewa kwa mwanachama, na uanachama ni wa 'watu wa kwetu'. Ikaamuliwa kwamba haiwezekani. Barua ya kuwajibu tuliiandika sisi, kwa mkono huu huu unaoshika hotuba hii, kwa Kiswahili safi, tukamalizia kwa kuwatakia subira. Walikuwa hawajui kusoma Kiswahili. Ilibidi wampate mtoto wa shule awasomee.

Siku zilipita hadi hofu ikawa kwamba mwili utahesabiwa kuwa hauna mwenyewe; na mnajua kwamba miili ya namna hiyo hutangazwa magazetini, kisha huzikwa kwa amri ya mahakama bila jina la kueleweka. Mwisho wake, vijana wale waliona afadhali kumzika hapa. Alizikwa Lang'ata, katika makaburi yaliyotangazwa kujaa tangu 1996. Katika Chama chetu kizima walikwenda watu watatu. Mama yake alitazama kwa simu iliyoshikwa na kijana mmoja. Aliuliza kwa lugha yao, nasi tukafasiriwa: 'Hao watatu ni akina nani?' Kijana akamjibu, 'Ni majirani.' Hakutueleza zaidi, nasi twamshukuru.

Wazee wetu, hakuna watu wanaojua kuliko ninyi uzito wa mtu kuzikwa mbali na ardhi ya baba zake. Mwaka 1987 nchi nzima ilifuata kesi ya mazishi ya Bwana S. M. Otieno, ambaye mwili wake ulingoja Nairobi zaidi ya miezi mitano kabla ya kupelekwa Siaya. Na vyama kama hiki vilianzishwaje? Baba zetu walipokuja Nairobi wakiwa na kipande shingoni, walikuwa wageni katika mji usiowataka ila kwa kazi. Aprili 1954, wakati wa msako mkubwa wa Anvil, mtu alipimwa kwa karatasi yake na kabila lake kabla ya kuulizwa jina. Kwa ajili ya hali kama hiyo walichanga senti zao, ili mwenzao akifa asitupwe. Chama kilichozaliwa na ugeni hakipaswi kumuuliza mgeni kama ni wa kwetu.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri manne, tukiomba yapigiwe kura leo.

La kwanza, kanuni ya saba igeuzwe, maneno 'watu wa kwetu' yafutwe, na badala yake iandikwe: mtu yeyote aishiye katika mtaa wetu kwa mwaka mmoja na kulipa ada sawa na wengine. Hatuombi sadaka kwa Wanijeria. Twaomba wachange kama sisi, na wakifikwa wapewe kama sisi.

La pili, karani aweke daftari la jamaa. Kila mwanachama, mwenyeji na mgeni, aandikishe jina la ndugu yake mmoja aliye kwao na nambari ya simu, na mgeni aache nakala ya pasipoti. Fundi wetu alipokufa tulipoteza siku tisa kwa kutafuta nambari ya mama yake.

La tatu, wachaguliwe wanachama wawili wenye elimu wa kumsindikiza jirani mgeni Nyayo House au ubalozini, na kumsomea mkataba wa nyumba kabla hajautia sahihi, ili matapeli wakose riziki. Huduma hii isilipiwe. Wala tusimsaidie mtu kuvunja sheria, tumsaidie kuijua.

La nne, ukumbi wetu ambao hukaa mtupu Jumamosi alasiri utumiwe kufundishia Kiswahili. Sisi tuko tayari kufundisha, tukianza na saa.

Bwana Mwenyekiti, methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote tumeitumia methali hii kumharakisha mgeni afanye kazi. Twaisahau sehemu ya pili, kwamba jembe ni letu, na kulitoa ni wajibu wetu. Wajomba wa Okonkwo walitoa mbegu. Fundi wetu aliishi kati yetu miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyemwuliza kama angependa kuchanga. Vijana wenzake wameketi pale nyuma, karibu na mlango, kwa kuwa tuliwaalika. Kila mmoja amekuja na ada ya mwaka mkononi, nao wangoja kusikia kama itapokewa.

Wasalaam.