Jimbo la Saskatchewan na Watu Wake



Nchi ya Kanada ina majimbo kumi, na matatu kati ya hayo huitwa majimbo ya mbuga, yaani Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Habari za leo ni za lile la katikati.

Mtu akiitazama ramani ataona kwamba mipaka ya Saskatchewan imenyoka kana kwamba ilipigwa kwa rula. Hakuna mto wala mlima uliofanywa mpaka. Kusini lapakana na Marekani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 651,000 hivi, nalo laishinda Kenya nzima; walakini katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walipatikana 1,132,505 tu. Jina lake limetoka katika lugha ya Wakrii, na maana yake ni mto uendao kasi.

Wengi hudhani jimbo zima ni mbuga tupu. Sivyo. Upande wa kaskazini ni misitu, miamba na maziwa. Kusini ndiko kwenye tambarare zenye udongo mzuri wa ngano. Kwa kuwa bahari i mbali, hewa yake ni kali. Wakati wa baridi kipimo huweza kushuka hadi digrii 40 chini ya sifuri, na tarehe 5 Julai 1937 joto lilifika digrii 45.

Zamani Wakrii, Wadene na makabila mengine ndio waliokuwa wenye nchi. Wale wa mbugani waliwategemea nyati: nyama ilikuwa chakula, na ngozi ilikuwa nguo na hema. Mwaka 1670 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliipa Kampuni ya Hudson's Bay haki juu ya sehemu kubwa ya nchi hizo, na mwaka 1870 zikaingia mikononi mwa Kanada. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1874 na 1876 wakubwa wao walifanya mapatano na serikali, wakaahidiwa ardhi ya kukaa. Punde nyati wakatoweka, na njaa ikawalazimisha watu kuhamia katika sehemu walizotengewa. Mwaka 1885 Wametisi, watu wa damu ya wenyeji na ya Wazungu, waliinuka kudai ardhi yao. Walishindwa huko Batoche, na kiongozi wao, Louis Riel, akanyongwa mjini Regina.

Reli ilikuwa imekwisha fika Regina mwaka 1882. Kwa sheria ya mwaka 1872, mgeni aliyelipa dola 10, akakaa miaka mitatu na kulima, alipata ekari 160. Wakaja Waingereza, Wajerumani, Waukraine na wengineo. Tarehe 1 Septemba 1905 Saskatchewan ikafanywa jimbo, na watu, waliokuwa 91,279 mwaka 1901, walifika 492,432 mwaka 1911.

Baadaye wakulima hao nao walionja taabu. Katika miaka ya 1930 bei ya ngano ilianguka, mvua zikakosekana, na upepo ukapeperusha udongo wa mashamba. Hesabu ya watu ilishuka kutoka 921,785 mwaka 1931 hadi 831,728 mwaka 1951.

Hata hivyo, shida iliwafundisha kushirikiana. Tangu mwaka 1924 walikuwa wakiuza ngano yao kwa chama cha ushirika. Tarehe 1 Januari 1947, Tommy Douglas akiwa Waziri Mkuu wa jimbo, ulianza mpango ambao kila mtu alitoa fedha kidogo, na akiugua gharama ya hospitali ikalipwa. Mwaka 1962 malipo ya madaktari yaliingizwa pia. Madaktari waligoma siku 23, lakini mpango ukasimama, na baadaye Kanada nzima ikaufuata.

Leo jimbo hilo lajulikana pia kwa potashi, madini ya kutengenezea mbolea. Wenyeji wa asili ni kama watu 17 katika kila mia. Mwaka 1992 serikali ilitia sahihi mapatano ya kuwapa fedha za kununulia ardhi ambayo babu zao waliahidiwa wasipewe. Ahadi ile ilikuwa imengoja zaidi ya miaka mia, lakini wenye kuidai hawakuisahau.