Shamba la Chuo Liwe Kipimo cha Eka Tatu

Yafuatayo ni mazungumzo ya msimamizi wa shamba la mafunzo katika chuo cha kilimo, aliyoyatoa mbele ya wanafunzi wapya na wazazi wao. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakulima na wafugaji wote wa Unguja na Pemba.



Darasani mtafundishwa na walimu wenu mengi ambayo mimi siyawezi. Langu ni moja tu: kukuelezeni namna ya kuendesha shamba lenye mifugo na mazao pamoja, na kwa nini tumeamua liendeshwe hivyo.

Sote tunafahamu kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi visiwani ziligawiwa ardhi eka tatu tatu. Wengi wenu mmelelewa katika eka hizo, na baadhi yenu wazee wenu wamekwisha kuzigawa tena kwa watoto. Kwa hivyo, kijana anayemaliza chuo hapa harudi kwenye shamba kubwa lenye matrekta. Hurudi kwenye eka tatu, au pungufu ya hizo, na huko ndiko elimu yake itakakopimwa.

Ujanani nilifanya kazi katika chuo kimoja ambacho sina haja ya kukitaja. Tulinunua ng'ombe wazuri wa maziwa kabla ya kupanda majani yao. Masika yalipita salama, kwani majani yalikuwa kila mahali. Ilipofika Januari, jua la kiangazi likakausha kila kitu, na wanafunzi wakawa wanaacha masomo kwenda kukata majani kandokando ya barabara. Maziwa yalipungua, ng'ombe wakatoka mbavu, na ndama wawili wakafa. Wakati huo huo, nyuma ya banda palikuwa na chungu ya samadi iliyochujuka kwa mvua na jua, na hatua mia moja kutoka hapo mahindi yalikuwa ya manjano kwa kukosa rutuba. Vyote viwili tulikuwa navyo, ila hapakuwa na mtu aliyeviunganisha. Mwalimu wa mifugo alikuwa na kazi yake, na mwalimu wa mazao alikuwa na yake.

Kosa hilo ndilo lililotufundisha. Shamba letu la hapa tumelikata vipande vya eka tatu, na kila kundi la wanafunzi hukabidhiwa kipande kimoja, ng'ombe mmoja na ndama wake, mbuzi wachache na kuku. Eka moja ni ya majani ya tembo, na mipakani mwake hupandwa lusina na giliricidia. Eka ya pili ni ya migomba, muhogo na kunde. Eka ya tatu ni ya mahindi na mboga, pamoja na mahali pa banda na shimo la mbolea.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila mmoja wenu ataijua kwa moyo. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anahitaji takriban kilo 50 za majani mabichi kwa siku, nayo ni zaidi ya tani 18 kwa mwaka. Eka moja ya majani ya tembo inayotiwa samadi na kukatwa kwa wakati huweza kuzitoa. Isiyotiwa samadi haiwezi. Ng'ombe huyo huyo hutoa kinyesi kisichopungua kilo 20 kwa siku, yaani zaidi ya tani 7 kwa mwaka, bila ya kuhesabu mkojo, ambao una sehemu kubwa ya rutuba na ndio unaopotea kwanza. Ndiyo maana sakafu ya banda ina mteremko na mfereji unaokwenda shimoni, na shimo lenyewe hufunikwa kwa makuti. Mtu anayeacha mbolea yake ikinyeshewa ni sawa na anayemwaga maziwa.

Mazao nayo hayana budi kurudisha deni. Migomba iliyokwisha kuzaa hukatwakatwa ikawa chakula cha ng'ombe. Maganda ya muhogo pia ni chakula, lakini lazima yaanikwe kwanza, kwani yakiwa mabichi yana sumu. Lusina huongeza nguvu ya maziwa, ila isizidi theluthi moja ya chakula chote, kwani ikizidi humdhuru mnyama. Majani yanayobaki wakati wa masika huvundikwa shimoni, yakashindiliwa na kufunikwa yasiingie hewa, ili Januari na Februari zisitukute mikono mitupu.

Hapana budi niwakumbushe pia kwamba ufugaji huu haukuwa rahisi kila mahali katika kisiwa cha Unguja. Mbung'o walikuwa wakieneza nagana, na mfugaji wa sehemu zenye vichaka aliweza kulala tajiri akaamka maskini. Kuanzia Agosti 1994, Serikali kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilikuwa ikiangusha kwa ndege mbung'o madume waliolelewa Tanga na kuhasiwa kwa miale ya gama. Jike aliyepandwa na dume wa aina hiyo hakuzaa. Waliachiliwa madume zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Kazi ile ilitufungulia mlango wa kufuga na kulima pahala pamoja. Hata hivyo, kupe hawakuondoka. Ndigana kali ingali inaua ndama, kwa hivyo zamu ya kukagua na kuogesha mifugo si adhabu ya mwanafunzi mtundu, ni zamu ya kila mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana hawalipendi, nalo ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kundi litakuwa na madaftari matatu. La kwanza ni la mifugo: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa, maziwa ya asubuhi na ya jioni, na dawa iliyotolewa. Ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo. Asiyeandika siku ya sindano anaweza kumdhuru mtoto wa mtu bila ya kujua. Daftari la pili ni la mazao: kilichopandwa, kilipopandwa, kilichotiwa na kilichovunwa.

La tatu ni la fedha, na humo tuna kanuni moja ambayo wageni huishangaa. Samadi ikitoka bandani kwenda kwenye migomba, huandikwa kwamba migomba imeinunua. Majani yakitoka shambani kwenda bandani, huandikwa kwamba ng'ombe ameyanunua. Hapana fedha inayopita mkononi, lakini mwisho wa mwaka mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba ng'ombe aliyemdhania kuwa ni mali ya maziwa tu ndiye aliyelisha migomba, na kwamba shamba lisilo na banda hulazimika kununua dukani kile ambacho jirani yake anacho bure.

Na ikiwa kipande kimepata hasara, tunaiandika hasara, wala hatuifichi kwa fedha za chuo. Shamba la chuo linalookolewa kila mwaka kwa fungu la bajeti humfundisha kijana uongo, maana atakaporudi kijijini hatakuta fungu hilo. Afadhali alie hapa kwa eka tatu za mafunzo kuliko kulia huko kwa eka tatu za wazee wake.

Wazazi wetu, nawaombeni jambo moja. Ng'ombe hana likizo wala sikukuu, naye hukamuliwa saa kumi na moja alfajiri, iwe mvua au jua. Kijana wenu akikuandikieni kwamba amebaki chuoni siku za mapumziko kwa sababu ya zamu, msidhani kwamba anaonewa. Na atakaporudi nyumbani, mpeni japo robo eka aiendeshe kwa daftari lake, muone.

Vijana, karibuni shambani. Zamu ya kwanza ni kesho alfajiri, na majina yamekwisha bandikwa kwenye mlango wa banda.