Nywele za Kipajini: Pima Kabla ya Kukata

Dada anaingia saluni hapa Arusha na picha mkononi. Anataka nywele zikatwe, ziangukie kwenye paji la uso. Je, zitamfaa?

Tuanze na nywele. Nywele zetu zikipata unyevu hujikunja. Ukizinyoosha kwa moto asubuhi, ukungu na manyunyu ya Juni chini ya Mlima Meru huzipandisha kabla hujafika kazini. Basi ziachwe ndefu kidogo.

Kisha uso. Paji pana hupendeza likifunikwa. Uso wa duara huonekana mfupi zaidi.

Lakini wako wanaoficha kingo zilizonyonyoka kwa misuko ya kubana. Hao mkasi hauwatibu. Walegeze misuko mapema, maana shina likifa, nywele hazirudi.

Ukiwa na shaka, jaribu kwanza nywele za bandia. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Pupa ya dakika moja ni majuto ya nusu mwaka.

Na tusisahau: mama wa Kiarusha kimila hunyoa kichwa chote, na paji lake wazi ndilo urembo wake.