Kuziba jino: mfuko wetu ulipie nini?

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Kisangani



Kule ukimbizini jino likiuma lilikuwa ni la kung'oa tu. Tumerudi na tabia ile ile, na mfuko wetu nao umekuwa ukilipa kung'oa. Sasa tunataka kulipia kuziba. Lakini kuziba na nini?

Wengi munapenda ile nyeupe, kompoziti, juu haionekani. Ni nzuri kweli. Ila inataka jino likauke kabisa, na inagandishwa na lampu ya umeme. Mama mmoja wetu wa Lubunga alivuka mto kwa mtumbwi, akalipa, umeme ukakatika katikati ya kazi. Mwezi haukuisha, ikatoka. Feza ilipotea, na jino pia.

Ile ya rangi ya feza, amalgamu, inavumilia sana kwenye magego. Lakini karibu nusu yake ni zebaki. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana isiwekwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala mwenye mimba au anayenyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Inabaki simenti ya ionomeri. Inashika jino yenyewe, inaganda bila lampu, inatoa fluori kidogo kidogo. Inafaa ile njia ya kukwangua uozo na vyombo vya mkono, bila mashini, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2021 OMS iliitia kwenye orodha ya dawa za lazima. Kwenye shimo kubwa, hasa kati ya meno mawili, inavunjika mapema, hilo hatulifichi.

Kwa hiyo tunaomba hivi: mfuko ulipe ionomeri kwa watoto na kwa mashimo madogo, amalgamu kwa magego ya wakubwa. Anayetaka nyeupe aongeze mwenyewe. Kuhusu jino la mbele la kijana anayetafuta kazi, tulibishana mpaka jioni na hatujapatana. Mutuambie munaonaje.

Na jino linalouma lenyewe usiku, au lenye usaha, musikubali lizibwe juu juu. Hapo ugonjwa umefika ndani. Daktari atibu mzizi kwanza, au alitoe. Mwenye jino kama hilo aje kwa mweka hazina wiki hii, asingojee mkutano.