Saa ya Mkononi na Wagonjwa wa Parkinson Wasiotambuliwa



Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliotumia takwimu za watu zaidi ya 103,000 wa UK Biobank, hazina ya takwimu za afya nchini Uingereza. Kati ya 2013 na 2016 watu hao walivaa mkononi, kwa wiki moja tu, kifaa mfano wa saa kinachorekodi mara 100 kwa sekunde namna mkono unavyosogea. Kompyuta ilipochambua kumbukumbu hizo iliwabaini watu ambao baadaye madaktari waliwakuta na Parkinson, wengine miaka saba kabla. Ilishinda hata vipimo vya damu na vya vinasaba. Ugonjwa huu huua polepole seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini, na mwendo hupungua kasi muda mrefu kabla ya mtu kwenda hospitali.

Sasa twende wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuata wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000. Walipatikana 33 wenye Parkinson, na asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Hawa hawakuhitaji mashine ya kutabiri. Walikuwa wanatetemeka, wamekakamaa, wanaburuta miguu, na waliowazunguka wakiwaona kila siku. Kilichowafichua ni dodoso, kisha daktari aliyewapima kwa macho na mikono yake.

Kwa hiyo siungi mkono kuanza na utabiri. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia Parkinson isiendelee. Kumwambia mtu mzima wa afya kwamba ataugua ni kumtwisha hofu bila kumpa tiba. Aliyekwisha kuugua ndiye anayeweza kufaidika sasa. Dawa ya levodopa humrudishia uwezo wa kufunga vifungo, kushika kijiko, kuinuka kitini. Ila miaka ikipita, dozi huisha nguvu kabla ya saa ya dozi inayofuata, au mwili huanza kujinyonganyonga wenyewe. Daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika chache, tena baada ya miezi kadhaa, hawezi kuyajua yanayompata saa kumi alfajiri. Hapo kifaa cha mkononi kina kazi kubwa: mgonjwa akivae wiki moja kabla ya kliniki, kisha dozi ipangwe kwa kufuata saa ambazo mwili unagoma.

Tahadhari moja. Washiriki wa UK Biobank waliandikishwa wakiwa na umri wa miaka 40 hadi 69, na maisha yao ni ya Uingereza. Mama wa Hai anayelima kwa jembe la mkono na kubeba mkungu wa ndizi kichwani ana miendo ambayo kompyuta ile haijaiona. Napendekeza majaribio yaanze kwa wagonjwa wanaojulikana tayari, wakilinganishwa na majirani wa rika lao, na levodopa ya kutosha iwe imefika hospitali ya wilaya kabla ya kifaa cha kwanza kugawiwa.